Nani Kasema Barua ya Kubomoa Haijibiwi?

Ndera, hapa Kigali, ina ushauri wake wa bure. Ukipokea barua kutoka ofisi ya umurenge (kata) inayosema umejenga bila kibali, au umejenga tofauti na kibali, usijibu. Ukijibu umekiri. Barua ya serikali, wanasema, ni kama nyuki: ukitulia atapita, ukipunga mkono atakuuma. Kama huwezi kutulia, mtafute mtu. Na kama huna mtu, ng'oa bati, milango na madirisha mwenyewe kabla hawajafika, ili angalau upate cha kuuza.

Nimeusikia ushauri huu ndani ya basi la kwenda Mulindi, nimeusikia nje ya kanisa baada ya misa, na mara ya mwisho niliusikia kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, majembe mikononi, kutoka kwa mzee ninayemheshimu na ambaye amejenga nyumba tatu maishani mwake. Hautolewi na wajinga. Ndiyo maana naona unastahili makala nzima. Mimi nasema barua hiyo ijibiwe, tena kwa maandishi, tena ndani ya wiki ileile, na aijibu hasa yule anayejua kwamba kweli amekosea.

Nilipomwambia mzee hivyo alicheka, akasema mtu wa kubishana na serikali inafaa apelekwe Ndera. Kwa msomaji wa Mombasa au Tabora: Mnyarwanda akisikia Ndera, hafikirii kwanza mtaa, anafikiria Caraes, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo hapa tangu enzi vilima hivi vilipokuwa mashamba ya maharagwe na mtama. "Kupelekwa Ndera" ni utani wa nchi nzima. Nikamjibu kwamba mimi nipo Ndera tayari, nauli nimeokoa.

Mashamba hayo ndiyo chanzo cha shida yenyewe. Ndera ni mmoja wa mirenge 15 ya Wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa Kigali, na umurenge huu una utugari sita: Bwiza, Cyaruzinge, Kibenga, Masoro, Mukuyu na Rudashya. Masoro ikapata eneo maalumu la kiuchumi. Volkswagen wakaanza kuunganisha magari huko mwaka 2018, na mwaka 2022 BioNTech wakaweka jiwe la msingi la kiwanda chao cha chanjo. Kiwanda huvuta wafanyakazi, mfanyakazi anataka chumba cha kupanga kilicho karibu, na mwenye shamba la maharagwe anapiga hesabu. Vyumba vinne vya uani, vile ambavyo Kigali huviita aneksi, vinaingiza kwa mwezi pesa ambazo maharagwe hayawezi kuingiza kwa msimu. Nani atamlaumu kwa kupiga hesabu hiyo?

Kosa linaanzia kwenye karatasi aliyonayo kabatini. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda ilisajili ardhi yake yote, vipande zaidi ya milioni 10, na familia nyingi zikapata hati yenye namba ya kiwanja. Watu wengi waliichukua hati ile kama ruhusa. Hati inasema kiwanja ni chako. Haisemi unaweza kujenga nini juu yake. Hilo linasemwa na karatasi nyingine kabisa, mpango mkuu wa jiji, ambao ulichorwa kwa undani mwaka 2013 na kuchorwa upya mwaka 2020 kwa mtazamo wa hadi 2050. Babu yako alilima hapo, baba yako alizikwa karibu na hapo, na kwenye ramani ya jiji kipande chako kimepakwa rangi ya kilimo, au ya viwanda, au ya makazi ya aina ambayo aneksi yako haimo. Rangi hiyo mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye intaneti kwa kuingiza namba ya kiwanja chake. Nimekutana na watu waliomaliza kupaka nyumba rangi kabla hawajaitazama rangi ya ramani.

Basi nyumba inapanda usiku. Ijumaa saa kumi na moja jioni ofisi zikifungwa, mchanga unashushwa. Jumamosi kuta, Jumapili bati, Jumatatu asubuhi kuna pazia dirishani na mtoto anapiga mswaki mlangoni. Imani ni kwamba nyumba iliyoezekwa na yenye watu ndani haiguswi. Hapa niwe mkweli kwa upande wa serikali, maana makala ya malumbano isiyokubali chochote ni kelele tu: zege huhitaji takriban siku 28 kufikia nguvu yake. Nyumba ya wikendi moja, juu ya mteremko wa Kigali, wakati wa mvua za masika, ndiyo sababu kanuni za ujenzi ziliandikwa. Mei 2023 mvua ya usiku mmoja iliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa nchi hii. Sitamtetea mtu aliyejenga kwenye ukingo unaoporomoka, na sitaki mwenye aneksi ya tofali moja asome makala hii na kudhani nampigia debe.

Lakini aliyejenga usiku akishapata barua, nini kinafuata? Hapo ndipo mimi na mzee wangu tunapoachana.

Chukua kwanza habari ya "mtafute mtu". Mtu huyu ni nani? Ni shemeji wa karani, ni kijana aliyewahi kufanya kazi wilayani, ni kiongozi wa umudugudu, yaani kijiji, anayesema atazungumza. Hana uwezo wowote wa kisheria juu ya ukuta wako. Anachouza ni usahaulifu wa mwingine: kwamba mkaguzi hatapita njia hiyo mwezi huu. Na usahaulifu hauna stakabadhi. Mwaka 2019 sheria ya Jiji la Kigali ilibadilishwa, na wilaya za Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge zikapoteza hadhi ya kujitegemea kisheria, mamlaka yakahamia jijini. Fikiria hali ya aliyekuwa ameambiwa kwa mdomo, kabla ya hapo, "wewe jenga tu, tutaelewana". Kuelewana na nani sasa? Aliyesema amehamishwa, ofisi imebadilika, na wewe umebaki na nyumba yenye neno la mtu asiyekuwepo. Wale walioandika na kugongewa muhuri, karatasi zao zilihama pamoja na mafaili.

Tena kuna jambo ambalo watoa ushauri hulipita haraka. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2018 humwadhibu anayetoa kama anavyomwadhibu anayepokea: kifungo cha zaidi ya miaka mitano hadi saba, na faini ya mara tatu hadi tano ya thamani ya kilichotolewa. Kwa hiyo umeingia na kosa la ukuta, ambalo dawa yake huenda ilikuwa mchoro na ada, umetoka na kosa la jela. Na Transparency International Rwanda, katika ripoti zake za kila mwaka za rushwa, hurudi mara kwa mara kwenye vibali vya ujenzi, kwa hiyo usidhani macho hayapo.

Ushauri wa kutulia nao una mwathirika wake maalumu, naye ni mke. Hati nyingi za ardhi za wanandoa nchini hapa zina majina yote mawili. Lakini barua ya onyo hukabidhiwa mwanamume, getini, naye huikunja na kuitia mfukoni, maana mwanamume hataki kuonekana ameshindwa. Siku saba zinapita, kumi na nne zinapita. Mama mwenye nyumba, mwenye nusu ya hati, anajua habari siku vijana wa DASSO, walinzi wa wilaya, wanaposhuka kwenye gari na nyundo. Mume alitulia kama alivyoshauriwa. Nyuki akauma wawili.

Sasa niende London kidogo, na nitarudi. Mwaka 1863 mahakama moja huko iliamua kesi ya mjenzi aliyeitwa Cooper dhidi ya bodi ya kazi za mtaa wa Wandsworth. Sheria ilimtaka kila anayejenga atoe taarifa kwa bodi siku saba kabla. Cooper alidai alituma taarifa, lakini mwenyewe alikubali kwamba alianza kuchimba msingi kabla ya siku saba kutimia. Sheria hiyohiyo iliipa bodi uwezo wa kubomoa. Nyumba ilipofika ghorofa ya pili, bodi ikatuma watu, wakaibomoa, bila kumwita Cooper hata mara moja. Cooper akashtaki, na akashinda, akalipwa. Hakushinda kwa kuwa hakukosea. Alikuwa amekosea, na kila mtu mahakamani alijua. Alishinda kwa sababu hakuulizwa. Mmoja wa majaji alirudi kwenye hukumu ya zamani zaidi na kukumbusha kwamba hata Mungu, ambaye alijua yote, hakumfukuza Adamu bustanini kabla ya kumwita na kumuuliza yuko wapi, na kama amekula tunda.

Nimekuwa nikimsimulia kisa hiki kila anayesema kwamba aliyevunja sheria hana haki ya kusikilizwa. Najua Rwanda haifuati sheria za Uingereza; mfumo wetu ulirithiwa kwa Wabelgiji na baadaye ukachanganywa. Lakini hapa tuna kifungu cha 34 cha katiba kinacholinda mali ya mtu na cha 35 kinacholinda haki yake juu ya ardhi, na tuna sheria ya mwenendo wa kesi ya mwaka 2018 inayoeleza jinsi ya kupinga uamuzi wa kiutawala. Neno la Kinyarwanda ni gutakamba: kabla hujaenda mahakamani, unaomba uamuzi utazamwe upya na mamlaka husika. Ukikataliwa, mlango wa mahakama upo, na kwa Gasabo mlango huo una kibao chake. Kama tingatinga liko njiani, kuna ombi la dharura, ikirego cyihutirwa, la kuzuia jambo wakati kesi ya msingi ikisubiri. Sheria haikuandika popote kwamba njia hizi ni za wasiokosea peke yao. Ila njia zote hizo huanza na karatasi yenye tarehe, na aliyetulia hana karatasi.

Nije kwenye habari yangu mwenyewe, isiwe nahubiri tu. Miaka iliyopita, katika sehemu nyingine ya Kigali ambayo sitaitaja, nilipata barua. Ilisema nimejenga uzio ndani ya hifadhi ya barabara na jiko la nje bila kibali, nibomoe vyote ndani ya siku saba. Usiku wa kwanza sikulala. Usiku wa pili nilimpigia simu "mtu". Usiku wa tatu, kwa kuwa mtu hakupokea, nilisoma barua kwa mara ya kwanza kwa utulivu. Nani amesaini? Tarehe gani? Kifungu gani? Kilitajwa kimoja, cha uzio. Jiko halikuwa na kifungu.

Nikasimamisha ujenzi, maana huwezi kuomba subira huku saruji inamwagwa. Nikapima: uzio ulikuwa umeingia barabarani, kweli, kwa upana wa hatua mbili. Jiko lilikuwa ndani ya kiwanja changu, umbali wa halali kutoka mpakani, ila sikuwa nimeliombea ruhusa. Yalikuwa makosa mawili yasiyolingana, na barua iliyafunga katika furushi moja. Nikajibu kwa ukurasa mmoja. Uzio ninaurudisha nyuma, naomba siku thelathini kwa kuwa fundi ni mmoja. Jiko naliombea kibali cha baadaye, hapa kuna nakala ya hati, mchoro wa kiwanja, picha, na mchoro wa mhandisi; naomba niambiwe kifungu ambacho limevunja. Nilipeleka nakala mbili, moja wakabaki nayo, nyingine wakanigongea muhuri wa kupokea. Karani alinitazama kama mtu aliyeleta keki msibani. Hakuna aliyekuwa akijibu.

Uzio niliubomoa. Tofali za nyuma zilikuwa nzuri, nilizitumia tena. Jiko likabaki. Siandiki hivi ili nionekane mjanja. Nusu ya kwanza ya kisa hiki ni mtu mzima anayemsaka tapeli kwa simu usiku. Naandika kwa sababu ya lile furushi. Barua za aina hii mara nyingi huandikwa kwa haraka, na mwandishi wake hukusanya kila alichokiona uani: ukuta, choo, kibanda cha kuku. Usipofungua furushi mwenyewe, tingatinga halitakufungulia.

Maana makosa ya ujenzi hayako sawa, na hapa hata wapinzani wangu wakinisikiliza vizuri tutakubaliana zaidi ya wanavyodhani. Kuna kosa la kutoomba: ulichojenga kinaruhusiwa mahali hapo, kimesimama vizuri, ila hukupitia kwenye mfumo wa vibali. Hilo lina tiba, na tiba ni kuomba, kulipa na kukaguliwa. Kuna kosa la vipimo: umekaribia mpaka mno, umezidisha sakafu, dirisha linamchungulia jirani. Hapo unakata, unaziba, unapunguza, na unaeleza kwa mchoro utakavyofanya. Kuna kosa la vifaa, na hili linachekesha kidogo, kwa sababu vifaa vilivyokatazwa jana huruhusiwa leo. Rukarakara, tofali la udongo lisilochomwa ambalo limejenga nusu ya Rwanda, kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa aibu mjini, kisha likaruhusiwa kwa masharti katika baadhi ya maeneo ya Kigali. Mtu aliyebomolewa kwa ajili ya rukarakara kabla ya hapo, na jirani yake aliyepewa kibali cha rukarakara baadaye, wanakutana dukani na kuangaliana.

Kisha kuna yasiyo na tiba. Ukijenga ndani ya bonde la Mulindi, au ndani ya zile mita 20 za ukingo wa ardhioevu, barua yako haitaokoa nyumba. Mteremko mkali nao hauna cha kubishana. Lakini hata hapo jibu lina kazi. Linaweza kuomba muda wa kuhamisha watoto baada ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Linaweza kuuliza swali la pesa: je, huku ni kubomolewa kwa kosa, au ni kuhamishwa kwa manufaa ya umma? Ni vitu viwili tofauti kabisa, na Ndera huvichanganya kila siku. Ukihamishwa kwa manufaa ya umma, sheria ya mwaka 2015 inataka upewe fidia ya haki, na ilipwe ndani ya siku 120 baada ya kuidhinishwa. Ukibomolewa kwa kosa, hakuna fidia. Mtu asiyeuliza yuko upande gani wa mstari huo anaweza kuondoka mikono mitupu mahali ambapo alistahili kulipwa.

Najua jibu la wazee. Watanitajia Bannyahe. Kangondo na Kibiraro, vitongoji viwili vya Nyarutarama vilivyopewa jina hilo la kejeli, wakazi wake walikataa nyumba za Busanza walizopewa badala yake, walitaka fedha taslimu, walikwenda mahakamani, waliandika barua mpaka kalamu zikaisha wino. Na Septemba 2022 waliobaki walihamishwa. Basi barua zilisaidia nini?

Hoja hii ni nzito na sitaizungusha. Bannyahe haikuwa kesi ya mtu mmoja na aneksi yake. Ilikuwa mradi mkubwa wa kuhamisha mtaa mzima, na mizani ya nguvu ilikuwa tofauti kabisa. Kuitumia kumshauri mwenye jiko la nje asijibu barua ni kama kumkataza mtu asiende zahanati kwa kuwa fulani alifia hospitali ya rufaa. Tena hata Bannyahe, kilichowapa wakazi miaka ya mjadala badala ya wiki moja ya nyundo ni kwamba waliandika, walisimama mbele ya mahakama, na majina yao, thamani za nyumba zao na madai yao yamebaki kwenye kumbukumbu. Sisemi walitendewa haki kwa kila jambo. Nasema wangenyamaza, hata swali la haki lisingekuwepo.

Kenya wana mfano mchungu zaidi. Kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, kilibomolewa Novemba 2011 ingawa mahakama ilikuwa imetoa zuio. Zuio likabaki karatasi, mabati yakabaki vumbi. Mzee wangu angesema: unaona? Lakini wakazi wale hawakutulia. Kesi yao, Mitu-Bell, ilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 iliamua kwamba hata watu wasio na hati wanaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa na katiba. Ilichukua muongo mzima na haikuwarudishia jikoni mwao siku ile. Ila sasa kila anayebomolewa Kenya ana hukumu ya kushika mkononi, iliyolipiwa kwa jasho la watu wa mabati. Dar es Salaam nako, bomoabomoa ya mabondeni ilipofika Kinondoni mwishoni mwa 2015, baadhi ya waliopata kupumua kwa muda walipumua kwa zuio la mahakama. Alama ya X ukutani haikufutwa na dua peke yake.

Wa upande wa pili, wale wa ofisini, nao wana ushauri wao, ingawa hawautoi kwenye basi. Wanasema mji ukianza kusikiliza kila mwenye tofali, hautajengwa; Kigali imekuwa Kigali kwa sababu haikubembeleza. Akajagari, ule ujenzi holela usio na barabara wala mfereji, husubiri tu kupewa nafasi ya kujieleza ili uzae mwingine. Nawaelewa, na barabara safi ninazozipita kila asubuhi ni hoja yao. Lakini tazama kinachotokea nyumba ikibomolewa bila mazungumzo. Familia haipotei hewani. Inapanga chumba katika akajagari kingine, au inanunua kipande kidogo mbali zaidi, na safari hii inajenga haraka zaidi, usiku zaidi, kwa saruji kidogo zaidi, kwa kuwa imejifunza kwamba kinachoangaliwa ni kuonekana tu. Jiji linalopenda utaratibu lingepaswa kupenda karatasi, na New York, ambayo hakuna anayeiita legelege, kosa la ujenzi humfikia mwenye nyumba likiwa na tarehe ya kusikilizwa na nafasi ya kuthibitisha kwamba amerekebisha.

Halafu kuna swali ambalo ofisi hazipendi kuulizwa. Umudugudu ni kitu kidogo. Kiongozi wake hujua nani amepata mgeni na nani mbuzi wake amezaa. Toroli mia moja za mchanga zilipitaje asizione? Msingi ulionekana, kuta zilionekana, bati liling'aa hadi upande wa pili wa bonde, na barua inafika nyumba ikishapakwa rangi. Onyo la siku ya msingi lingegharimu mifuko mitano ya saruji. Onyo la siku ya rangi linagharimu akiba ya miaka kumi. Mwenye nyumba anayejibu ana haki ya kuandika hilo pia, kwa heshima, katika aya ya mwisho: ujenzi ulianza tarehe fulani, mbele ya fulani, na sikuzuiwa.

Na kama bado unadhani kanuni za ujenzi ni fimbo ya serikali dhidi ya mwananchi tu, panda Kinyinya, hapo hapo Gasabo, kwenye mtaa ambao wote huuita Kwa Dubai. Watu walinunua nyumba kutoka kwa mwekezaji, walilipa, walihamia, na kuta zikaanza kupasuka. Mwaka 2023 Rais Kagame alilizungumzia hadharani, na mwekezaji pamoja na watu waliokuwa viongozi wilayani wakakamatwa. Pale aliyehitaji kanuni alikuwa mwenye nyumba. Angekuwa na ripoti za ukaguzi na barua alizoandika mapema kuuliza kwa nini nguzo ni nyembamba, angekuwa na kitu cha kuweka mezani zaidi ya nyufa.

Gharama nazo zinatiwa chumvi. Kila wilaya ina ofisi ya msaada wa kisheria ya Wizara ya Sheria, MAJ, ambapo wanasheria husikiliza bila malipo. Wengi wanadhani ni ya kesi za urithi na ndoa tu. Jumanne kuna inteko y'abaturage, mkutano wa wananchi, ambapo unaweza kusimama na kuuliza mbele ya watu, na jibu lililotolewa mbele ya watu ni gumu kulimeza. Mhandisi wa kupima na kuchora atakutoza, lakini linganisha na bei ya "mtu", ambaye hutoza mara ya kwanza, akatoza tena mkaguzi akibadilishwa, na hatoi mchoro.

Mzee wangu wa umuganda hatukukubaliana siku ile. Tulimaliza kuzibua mfereji, tukanawa miguu, kila mtu akaenda kwake. Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani jioni, akaketi, akakataa chai, akaikubali. Akazungumza habari za mvua. Kisha akatoa mfukoni bahasha iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchakaa kwenye mikunjo, inayohusu vyumba viwili alivyomwongezea binti yake uani.

"Ile ya kwako," akasema, "ulianza kuiandika vipi?"

Nikaifungua yake kwanza nitazame tarehe. Alikuwa amepewa siku kumi na tano. Zilikuwa zimebaki tatu, na mojawapo ilikuwa Jumapili.